Mbwa Asibweke

Kazi niliyopewa mimi ni ya mbwa.
Dada Nargiza alinigawia jioni moja, mikono yake ingali na unga:
Basara anakusikiliza wewe, akasema,
basi mzoeze harufu ya Jansug hadi aone ni ya nyumbani.
Akanipa soksi moja ya mwanamume, haijafuliwa.

Siku kumi na nne, kila usiku,
nilitia mfupa ndani ya soksi ile
nikaiweka chini ya mnara wetu wa mawe,
mnara uliojengwa zamani ili mabinti wasichukuliwe.
Basara alinguruma siku tatu. Ya nne akanusa. Ya saba mkia ukacheza.
Mbwa hajui siri ni nini, ndiyo maana huitunza.

Kwa nini kutoroka? Jansug hana kasoro.
Baba mwenyewe humsifu: kijana yule akishika fyekeo
majani hulala yenyewe.
Ila harusi ya kaka Murza bado tunailipa,
fahali wawili, divai kwa mapipa, wageni mia tatu,
wengine hata jina la bwana harusi hawakulijua.
Baba akipokea posa ataalika mia nne.
Heshima, husema, haipimwi kwa kibaba.
Deni ndilo hupimwa: haba na haba, kila mwezi, benki ya Mestia.

Halafu kuna wageni wa nyumba ya kulala, pale Nargiza anapopika.
Hupanda huku kutoka nchi za mbali, wawili wawili,
bila mama, bila shangazi,
bila mjomba wa kununia kiti alichopewa.
Bibi harusi na gauni jeupe na viatu vya kupandia mlima
husimama mbele ya Shkhara, mpiga picha akiwaambia sogeeni,
wakabusiana, wakala mkate wa nyama,
wakashuka wameoana.
Nargiza aliwaokea mikate wapenzi tisa kiangazi hiki.
Baada ya hao wa tisa alirudi kimya, akavua aproni, akaniuliza:
"Hivi kumbe inaruhusiwa?"

Wao hukimbilia mlima. Yeye alitaka tambarare.
Alipanga kwa penseli, nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
njia ya Zagari, kabla theluji haijaifunga;
gari la binamu yake Jansug, taa zizimwe hadi daraja la pili;
mashahidi wawili, mmoja fundi wa matairi;
ofisi ya ndoa Zestaponi, juu ya bucha.
"Dirishani hakuna mlima hata mmoja,"
aliniambia, kama mtu anayesimulia bahari.

Gauni? Sketi ya kijani, ile ya mahafali.
Pete? Jansug ameuza mizinga sita ya nyuki.
Mimi je? Nililitafuta jina langu kwenye kalenda
nikakuta ameandika: mbwa.

Usiku wenyewe ilinyesha mvua inayotamani kuwa theluji.
Nilikaa na Basara, mkono wangu shingoni mwake.
Hatua kwenye changarawe. Masikio yakasimama.
Kisha akajinyoosha, akapiga miayo,
akamlamba Jansug kiganja, shemeji kwa shemeji.
Nargiza hakunibusu. Alinikabidhi kopo la chumvi yetu ya vitunguu saumu,
akafikiri, akalichukua tena.
"Kule hawana," akasema.

Asubuhi baba aliuzunguka mnara mara mbili.
Hakuuliza Nargiza yuko wapi. Aliuliza:
"Huyu mbwa anaumwa? Mbona hakubweka?"
Nikasema sijui.
Akainama, akamfunua Basara mdomo,
akautazama ulimi wake kwa muda mrefu,
na alipoinuka nilimwona akihesabu kwa vidole,
fahali, mapipa, wageni,
akifika mwisho wa mkono, akianza upya,
na bega lake moja, la kushoto, likashuka kidogo
kama la mtu aliyetuliwa mzigo
naye hajui amtukane nani.